Mgongo wa Koti la Shem

Binti yangu Ajwang ni mtu wa kawaida, ingawa majirani zetu wa mtaa wa Woodley, Nairobi, hawapendi kuamini hivyo. Marehemu baba yake, Shem Obuya, alikuwa mhandisi wa maji serikalini. Mimi nilifundisha historia katika shule ya wasichana mpaka nikastaafu. Watu walitarajia nyumba kama yetu itoe wakili au daktari, nasi tukawapa karani wa bima. Kila jioni karani huyo alirudi nyumbani na karatasi za ofisini zilizojaa michoro upande wa nyuma: magamba ya samaki, nyavu, mistari iliyoingiliana hadi macho yakaniuma.

Baada ya kumzika baba yake, aliacha kazi. Aliniambia tukiwa jikoni, mimi nikichambua mboga.

"Mum, naenda kusomea usanifu wa vitambaa."

"Ushonaji?"

"Si ushonaji. Kitambaa chenyewe. Vile kinafumwa, vile kinatiwa rangi."

"Na watu wakiniuliza nitasema nini?"

"Waambie nasoma masters."

"Ni masters?"

"Bado. Hii ni ya kunitayarisha."

Kanisani nilisema binti yangu anajiandaa kwa shahada ya uzamili, kisha nikauliza habari za mvua. Sikudanganya. Kwa kuwa shahada yake ya kwanza ilikuwa ya biashara, chuo kikuu kilimtaka asome kwanza mwaka mmoja katika chuo kidogo mjini, orofa ya juu ya jengo lenye maduka ya simu chini, kisha apeleke kazi zake mbele ya jopo la walimu. Jopo likimkubali, ataingia. Likimkataa, basi, hawampimi mtu mara ya pili.

Nilimwona akikonda mwaka ule. Alikuwa akirudi na vumbi la sufu kwenye nyusi, akikohoa, vidole vimebadilika rangi mara buluu, mara kahawia kama mtu aliyemenya ndizi mbichi. Lakini alikuwa akiimba bafuni, jambo ambalo bima haikuwahi kumfanyia, kwa hiyo nilinyamaza.

Kisha shemeji yangu Okinyi akapiga simu.

Okinyi ni ndugu mkubwa wa marehemu mume wangu. Anaishi nyumbani, Siaya, na neno lake ndilo hufunga mjadala katika ukoo. Alisema atakuja Jumamosi kuchukua koti la Shem.

Lazima nieleze koti hilo. Ni la sufu ya kijivu, nzito, yenye mistari iliyolala kama miiba ya samaki. Shem alilivaa kila alipokwenda mahali ambapo jina lake lingetajwa. Kwa watu wa nyumba yao, nguo za marehemu haziguswi na makasi kabla wazee hawajazigawa. Nguo nyingine ziligawanywa baada ya mazishi. Koti peke yake lilibaki Nairobi, kwa sababu Okinyi alikuwa amesema atalivaa siku ya rapar, siku ambayo ukoo mzima hukusanyika kumkumbuka marehemu, aketi nalo mahali pa ndugu yake. Mimi nilijua hayo. Ajwang hakuyajua. Tulimlea mjini, nami nilijivunia kwamba kichwa chake hakikujazwa miiko.

Nililitoa kabatini nikalilaza kitandani ili nilipige brashi. Nilipoligeuza, niliona maua ya shuka langu yakinitazama kupitia mgongo wa koti. Palikuwa na tundu la mraba, pana kuliko kiganja changu, kingo zake zimenyooka kabisa.

"Ajwang!"

Alikuja na mswaki mdomoni. Alilitazama koti, akanitazama mimi, akautoa mswaki polepole.

"Mum, ningekuambia."

"Lini?"

"Nikimaliza."

Mwalimu wao, Bi. Nthiwa, alikuwa amewaagiza kila mmoja achague nguo ya mtu anayemjua, akate kipande, akifumue uzi kwa uzi ili aone kilivyofumwa, kisha afume kingine mfano wake. Wenzake walichukua leso za nyanya zao. Ajwang alichukua koti la baba yake.

"Nilidhani ni letu," alisema.

"Kirudishe kipande. Leo."

"Hakiko, Mum. Nilikifumua."

Akaniletea karatasi ngumu. Upande mmoja alikuwa amebandika nyuzi za mtande, zile zinazotangulia kutandazwa kwa urefu kwenye mtambo wa kufumia. Upande wa pili mshindio, zile zinazopitishwa katikati yake. Kila uzi peke yake. Mgongo wa koti la mume wangu ulikuwa umegeuka nywele.

"Lakini nimefuma kingine," alisema haraka. "Kiko sawa sawa. Bi. Nthiwa mwenyewe alishindwa kujua kipi ni kipi."

"Basi leta hicho tushone."

"Hicho ndicho naonyesha jopo Ijumaa. Wakinikubali wanakaa nacho mpaka maonyesho ya mwisho wa mwaka. Wakikosa kukiona, sina kazi ya kuonyesha." Aliketi kando ya koti. "Si tumwambie tu Baba Mkubwa?"

"Tumwambie nini? Kwamba mtoto wa Shem alimkata baba yake mgongo?"

"Ni koti, Mum."

"Tutasema ni panya."

Alicheka, na kikohozi kikamkatiza kicheko. "Hiyo panya ilikuwa na rula?"

Sikucheka. Nilikuwa nasikiliza kile kikohozi. Kwa Wajaluo kuna jambo linaloitwa chira, ile laana inayomkausha mtu aliyevunja mwiko, polepole, mpaka mifupa ya kola inaonekana. Mimi ni Mwanglikana, nimesoma, na nimewafundisha wasichana wengi kutofautisha sababu na sadfa. Nilijua kwamba vumbi la sufu linakohoza. Nilijua anakonda kwa kuruka chakula cha mchana. Lakini nilitazama mifupa ya kola ya mtoto wangu, nikaketi kitandani.

Siku iliyofuata nilikunja koti katika mfuko wa karatasi nikaenda mtaa wa Ngara kwa fundi Gerishon, ambaye huwashonea sare akina mama wa kanisa letu. Alilitandaza juu ya meza yake ya kukatia, akalisugua kati ya vidole.

"Mama Ajwang, kitambaa kama hiki Ngara hakuna. Nikikuletea, uite polisi, nitakuwa nimemvua mtu."

"Tia kingine chochote cha kijivu."

"Kitaonekana."

"Kila mtu ataona?"

"Wataona. Lakini wataona kitambaa, hawataona shati. Huyu mzee anavaa koti hili wapi?"

"Mwenyewe alifariki. Ndugu yake ndiye atakayelivaa."

Gerishon ni mtu wa Butere, jirani na kwetu, na miiko hii anaijua. Mikono yake iliondoka juu ya koti kama mtu aliyegusa pasi ya moto.

"Wazee wamegawa?"

Nilianza kulikunja koti.

"Mama, pole," alisema, akalisukuma koti kwangu kwa ncha ya rula. "Mimi nina watoto."

Nilitoka nikiwa nimekumbatia mfuko ule kifuani, nikiwaza kwamba kila aliyenipita anajua kilichomo. Ikiwa fundi wa Ngara aliogopa hivyo, watasemaje wanawake wa Siaya? Niliwasikia tayari. Mwalimu, yule aliyekataa kukaa kijijini hata wiki mbili baada ya mazishi. Mwalimu, ambaye mtoto wake hajui kupika samaki. Mnaona sasa? Na jina la Obuya, ambalo Shem aliliweka safi katika ofisi ambamo wengi walichafuka, litaliwa pamoja na ugali.

Sikupanda gari la kwenda nyumbani. Nilitembea mpaka mjini, kwenye chuo chao, kwa sababu nilikuwa nimeamua. Ningekichukua kitambaa. Ajwang ni kijana, angetafuta njia nyingine. Jina likichafuka halina njia nyingine.

Kazi za wanafunzi zilikuwa zimetundikwa ukumbini tayari kwa jopo la kesho yake. Hapakuwa na mtu. Nilikiona mara moja: kipande cha kijivu, miiba ya samaki ikishuka na kupanda, na kando yake ile karatasi ya nyuzi. Nilikishika. Kilikuwa kizito, kikanikwaruza kiganja vilevile kama bega la Shem lilivyonikwaruza shavu tulipoagana kwenye stesheni ya treni enzi hizo. Nilichomoa pini ya kwanza.

Ndipo nikaona kilichoandikwa chini yake kwa herufi kubwa, nadhifu: *Koti la Shem Obuya, mhandisi.*

Nilisimama na pini mkononi. Kazi yangu yote tangu nifiwe imekuwa kulilinda jina hilo, na sasa lilikuwa ukutani, katikati ya Nairobi, na wageni wangelisoma kesho. Ningeondoka na kitambaa, lingebaki limening'inia chini ya ukuta mtupu.

"Unamtafuta mtu, mama?" Mwanamke mwenye miwani alikuwa mlangoni. Bila shaka ndiye Bi. Nthiwa. "Ah, wewe ni mama yake Ajwang. Paji la uso ni moja."

"Pini ilikuwa imelegea," nilisema, nikairudisha. Ilinichoma kidole.

Ijumaa walimkubali. Alinipigia simu akilia, nami nikafurahi kwa muda wa birika kuchemka. Kisha nikakumbuka kesho ni Jumamosi.

Okinyi alishuka kituo cha Adams Arcade, na Ajwang akaenda kumpokea. Niliwaona dirishani wakija, yeye na kofia yake na fimbo asiyoihitaji, mtoto akibeba mfuko wa karanga na kuku aliyefungwa miguu. Alikuwa akimsimulia kitu na mzee anacheka. Niliomba Mungu asiwe anamsimulia hilo.

Alikunywa chai. Alikula. Aliuliza habari za paa, za kanisa, za Ajwang.

"Mtoto amekonda," alisema. "Anakohoa pia."

Nilimwongezea chai ambayo hakuiomba.

"Ni masomo, Shemeji."

"Masomo." Aliweka kikombe chini. "Haya, Nyar Gem, lete koti la ndugu yangu." Nyar Gem maana yake binti wa Gem, nilikozaliwa. Huniita hivyo anapotaka nikumbuke kwamba niliolewa kwao.

Nililileta, mgongo wake nikiuelekeza kifuani kwangu. Akalivaa bila kulitazama, akafunga kifungo, akajinyoosha. Kwa mbele alikuwa Shem kabisa. Kisha akageuka kwenda kwenye kioo cha sebuleni, na shati lake jeupe likatuangalia kupitia mgongoni.

"Mbona mmenyamaza kama mmeona nyoka?" alisema. Akapeleka mkono nyuma. Vidole vilitafuta, vikaingia tunduni, vikasimama.

Alilivua. Akalilaza mezani, akaondoa vikombe mwenyewe, akapitisha ukucha kwenye zile kingo zilizonyooka.

"Haya ni makasi," alisema.

Neno panya lilikuwa kwenye ulimi wangu. Nilimwona Ajwang akivuta pumzi ya kusema, na nikaona mifupa ile ya kola ikiinuka. Siyo jina nililoliogopea saa hiyo, ni mtoto.

"Ni mimi," nilisema. "Mimi ndiye niliyekata."

Ajwang aligeuka. "Mum!"

"Nyamaza."

Mjane kutia makasi katika nguo ya mumewe ni kubwa kuliko kosa la mtoto. Ni kama kusema umemkataa. Nilijua, na Okinyi alijua kwamba najua.

"Wewe," alisema.

"Mimi."

"Ndugu yangu alikuja kunisindikiza nilipokwenda kuchumbia mke wa pili, akiwa na shati lililofungwa kwa pini. Nikamwuliza, huna mke? Akasema, ninaye, amesoma sana." Akalikunja koti, mgongo ndani. "Mwanamke asiyeweza kushona kifungo alikata mraba kama huu?"

Niliketi, nikainamia vikombe ili asiyaone macho yangu.

"Baba Mkubwa," Ajwang alianza.

"Mtoto, mama yako ameshasema. Mkubwa akisema, amesema." Akaniwekea koti mapajani. "Kitambaa kipo?"

"Kingine kinaweza kufumwa," nilisema.

"Basi kifumwe. Lakini mkono uliokata ndio utakaoshona. Si fundi, si mtoto. Rapar ni Agosti. Nitaketi mbele nikiwa nimelivaa, na ukoo wote utakuwa nyuma yangu, wakiangalia mgongo." Akachukua fimbo yake. "Wakiona tundu, nitawaambia ulichoniambia wewe."

Tangu siku hiyo mtambo mdogo wa Ajwang uko chumba cha kulia, na mchana kutwa nasikia ukigonga. Anafuma kipande cha pili huku akisomea uzamili. Mimi najifunza kushona kwenye foronya kuukuu. Ajwang ndiye mwalimu wangu, na hana huruma. "Fumua hiyo, Mum. Inakimbia." Okinyi hupiga simu kila Jumapili baada ya ibada. "Sindano inaendeleaje, Nyar Gem?" Sijui kama anacheka.

Leo Ajwang amekikata kitambaa kutoka mtamboni. Amekilaza juu ya tundu, miiba ya samaki imekutana na wenzake. Ameniwekea sindano mkononi, uzi umeshatungwa.

"Anza kona ya juu," anasema, kisha anakohoa, anaziba mdomo kwa kiwiko, ananitazama kuona kama nimesikia.

Nimesikia. Lakini ninaingiza sindano.