Tawi Mlangoni kwa Norina

Norina Zuliani alikuwa na ulimi usiomwachia mtu, hasa mtu aliyempa divai mbaya. Siku moja harusini alimwambia padri, tena mbele ya watu, kwamba divai yake ya altareni ingefaa kuoshea madirisha. Na padri akabadilisha divai!

Kwao, vilimani mkoani Friuli, mkulima mwenye divai ya kuuza hutundika tawi bichi langoni. Ukiliona tu, unajua humo ndani mna divai ya nyumbani, mayai ya kuchemsha, soseji kavu, na jibini iliyokaangwa na viazi. Pipa likikauka, tawi linashushwa mpaka mwakani.

Safari hii hapakuwa na mwakani. Mumewe, Guerrino, alifariki wakati wa baridi, na magoti ya Norina yalikuwa yamegoma kupanda matuta ya mizabibu. Binti yake, Loredana, alimbana kwenye simu mpaka akakubali: pipa la mwisho la Guerrino likikauka, atafunga nyumba ahamie kwake mjini Torino, ghorofa ya sita.

"Ghorofa ya sita!" alimwambia shoga yake Elsa. "Kuku nitawafuga wapi, kwenye lifti?"

Walicheka, kisha Norina akageukia dirishani. Matuta yalikuwa yanashuka hadi mtoni, na mbali kule milima ilikuwa bado na theluji. Roho ilimuuma, lakini alikuwa ameshatoa neno lake.

Akatundika tawi mwezi wa Aprili. Watu wakaja, wote wameshasikia habari ya Torino, ila loo, kijiji kizima kilikuwa kimegeuka watawa! Glasi moja watu watatu. Elsa, ambaye zamani alimaliza lita kabla yai halijapoa, akaomba maji.

"Daktari amenikataza," akasema.

"Daktari yupi? Yule tuliyemzika juzi?"

Kila asubuhi Norina aligonga pipa kwa kifundo cha kidole, kama alivyofanya Guerrino. Jumamosi ya pili likalia tupu. Jumapili akaenda misa, na aliporudi akaligonga tena. Likajibu kwa sauti nzito, ya kushiba. Akajimiminia, akaonja. Uso ukaanza kukunjamana, akaukunjua haraka, akameza.

Ilikuwa divai ya Duilio, jirani wa ng'ambo ya barabara. Angeitambua hata usingizini, maana alikuwa ameitukana miaka arobaini. Na Duilio, asiyekosa misa hata kwa theluji, siku hiyo eti kiuno kilimkamata!

Mchana Duilio akaja, akaketi, akamtazama kwa wasiwasi.

"Divai ya Guerrino inaendeleaje, Norina?"

"Nzuri."

Duilio nusura aanguke kutoka kwenye benchi. "Nzuri?"

"Umekuwa kiziwi? Kula yai lako."

Kiuno cha Duilio kilimkamata Jumapili iliyofuata, na ile nyingine, na ile nyingine tena.

Mwisho wa Mei Loredana alichoka kungoja. Akaja na gari na masanduku matupu, akaukuta ua umejaa watu, karata mezani, vicheko hadi barabarani.

"Mama, pipa moja wiki saba?"

"Watu wamepunguza kunywa."

Loredana akajimiminia, akaonja. Alikuwa mtoto wa nyumba ile, na uso wake ulikunjamana vilevile kama wa mama yake. Duilio akainamia karata zake kana kwamba amedondosha jino.

"Mama! Hii ni ya Duilio!"

"Ndiyo."

"Ulijua tangu lini?"

"Tangu glasi ya kwanza."

"Na hukusema kitu? Wewe?"

"Wiki tano nainywa, mwanangu," Norina akasema. "Kila siku, na sijalalamika hata mara moja. Sasa niambie mwenyewe kama nataka kwenda Torino."

Loredana alimtazama mama yake, akawatazama watu wote wale waliojifanya wanamenya mayai. Machozi yakamlenga, na kicheko nacho kikamtoka papo hapo. Akajibanza kwenye benchi katikati ya Elsa na Duilio.

"Nipeni na mimi yai," akasema, "niishushie hii siki."