Mdudu Asiye na Kwao

Mwandiko wa Ruthu Ndahani ulijulikana Mpwapwa nzima. Kadi za michango ya harusi, barua za posa, tangazo la kanisani kwamba ng'ombe mwekundu wa fulani amepotea, vyote vilipitia mkononi mwake. Alijifunzia misheni, kwa walimu waliochapa vidole vya mtoto aliyepindisha herufi, na mwandiko huo ulimpa majivuno kidogo. Tumsamehe, maana hakuwa na mengi mengine ya kujivunia.

Mwaka 1979 aliajiriwa kufagia katika kituo kidogo cha utafiti wa wadudu wa mazao. Akapanda cheo, akawa anaosha chupa. Kufikia 1993, ile miaka ya ruksa ambapo maduka yalikuwa yanajaa vitu na ofisi zinapungua watu, yeye ndiye aliyekuwa akipasua mabua ya uwele, akitoa viwavi waliomo na kumfungia kila mmoja kwenye kichupa chenye pamba mdomoni. Halafu anasubiri. Kiwavi mmoja hugeuka nondo, mwingine hufa tu. Na mwingine, asubuhi moja, hutokwa na nyigu wadogo kuliko punje ya ulezi, kwa sababu mama yao alimchoma siku nyingi kabla, akataga mayai ndani yake, na watoto wakamla taratibu kuanzia tumboni. Wageni wakielezwa hivyo walikunja uso. Ruthu aliwapenda sana nyigu hao, kwa kuwa kiwavi yule ndiye aliyemaliza uwele wa baba yake mwaka wa njaa.

Asubuhi moja ya mwezi wa sita aliona nyigu asiowajua. Wale aliowazoea walikuwa weusi, na vifuko vyao vyeupe hurundikana pamoja kama pamba. Hawa kila mmoja alitoka kwenye kifuko chake cha kahawia, peke yake, na kila kipapasio chao kilikuwa na duara jeupe katikati. Alimpelekea Bwana Batholomeo, mtafiti wa kituo, mtu wa Bukoba ambaye kwa miaka saba hakuacha kulalamika kwamba Mpwapwa hakuna ndizi za maana.

Batholomeo aliinamia hadubini muda mrefu. Akafungua kitabu cha utambuzi, akahesabu pingili za vipapasio na mishipa ya bawa, kisha akahesabu upya.

"Mama Joshua, njoo uhesabu wewe. Macho yangu leo siyaamini."

Ruthu akahesabu, akapata vilevile.

"Basi huyu hayumo kitabuni," alisema Batholomeo. "Sidhani kama kuna mtu amewahi kumwandika."

Walikusanya mpaka mwisho wa mwezi wa saba, wakapata vichupa arobaini na viwili kutoka vijiji vitano. Mtaalamu mmoja wa makumbusho ya Ulaya alikubali kuwachunguza na, wakiwa wapya kweli, kuwaeleza kwa maandishi na kuwapa jina. Sharti lilikuwa moja. Ndani ya kila kichupa cha spiriti kuwe na kikaratasi kinachosema mdudu katoka wapi, lini, kwenye kiwavi gani, na nani aliyemkusanya.

Hapo ndipo majivuno yalipomponza. Siku zote kituoni waliandika lebo kwa penseli. Lakini penseli ni ya darasa la kwanza, na huu ulikuwa mzigo wa Ulaya! Nani anamwandikia mgeni mheshimiwa kwa penseli? Mumewe alikuwa amemnunulia Dodoma kalamu mpya ya wino mweusi, inayong'aa. Ruthu alikaa siku mbili akaandika vikaratasi arobaini na viwili, kila herufi imesimama wima, na hata Batholomeo alipovitazama hakuona kosa, aliona uzuri tu.

Jibu lilikuja mwezi wa kumi na moja. Vichupa vimefika salama. Ila wino wote umeyeyukia kwenye spiriti, na vikaratasi ni vyeupe pe. Kwa sura, aliandika mtaalamu, mdudu ni mpya. Lakini siwezi kumpa jina mdudu asiye na kwao.

Ruthu alitamani ardhi ipasuke, maana hakuna nakala iliyobaki daftarini ya kichupa kipi kilitoka wapi. Wiki hiyohiyo alipokea barua nyingine, fupi, kwamba yeye ni miongoni mwa wafanyakazi watakaopunguzwa ifikapo mwisho wa Desemba. Aliziweka barua zote mbili mezani akaziangalia. Miaka kumi na minne, na mwisho wake ni karatasi tupu.

Mkuu wa kituo hakuona tatizo. "Mwandikieni ni wa Mpwapwa mjini, yaishe."

"Samahani, mzee," alisema Ruthu. "Atakayekuja kumtafuta kesho atamkosa, halafu atasema tulidanganya."

Mkuu akauliza ni nani hasa aliyeharibu lebo hizo. Ruthu alifungua mdomo, lakini Batholomeo akamtangulia.

"Ni mimi, mzee. Miaka yote nimemwambia atumie penseli. Sikuwahi kumwambia kwa nini."

Kwa neno hilo Ruthu angemfulia mashati maisha yake yote. Alitoka nje, akasimama nyuma ya tangi la maji, akalia.

Kesho yake alidandia lori la kwenda Chunyu, ambako nyigu wengi walikuwa wametoka. Njia nzima mashamba yalikuwa meusi kwa majivu. Bwana shamba alikuwa ameamuru mabua yote yachomwe baada ya mavuno ili viwavi wafe, na amri ilikuwa na akili yake, maana kiwavi hulala ndani ya bua kiangazi kizima. Ila nyigu naye hulala humohumo, ndani ya kiwavi. Ruthu alizunguka kaya baada ya kaya bila kuona hata bua moja. Mchana ulipogeuka alifika kwa mzee Yoramu, na nyuma ya nyumba yake ya tembe akakuta mabua yamesimamishwa, rundo refu kama nyumba. Mke wa Yoramu, Angelina, alikuwa analinda rundo lake dhidi ya mbuzi.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Mbukwa," alijibu, akiongeza salamu ya Kigogo.

"Mama, wewe hukuchoma?"

"Ng'ombe wangu hawali amri," alisema Angelina. "Mwezi huu ningewapa nini, jivu?"

Ruthu alimweleza yote, hata habari ya kalamu, ingawa aibu ilimbana. Angelina alisikiliza akitafuna kijiti.

"Kwa hiyo maandishi yalioga."

"Yalioga, mama, yakatakata."

Bibi yule alicheka mpaka akashika mbavu, na Ruthu, kwa mara ya kwanza wiki hiyo, akacheka naye. "Pasua," alisema Angelina. "Pasua yote. Bua lililopasuliwa ng'ombe hatapata shida kulitafuna. Wewe utachukua nyama, sisi tutachukua majani."

Asubuhi wanawake saba wa jirani walikuja na visu, wameitwa naye. Yoramu alikaa pembeni akilalamika kwamba maisha yake yote amewaua wadudu hawa, na leo mkewe anawatafuta kama mbuzi waliopotea. Lakini kisu chake kilikuwa kikali kuliko vyote. Kwa siku tatu walipasua, wakapata viwavi mia tatu na kumi. Hakuna aliyeomba chochote isipokuwa kuambiwa nyigu watakapotoka.

Kituo kilimuaga Ruthu tarehe thelathini na moja, kwa kupeana mkono na soda moja. Batholomeo alimwandikia kibali cha kuondoka na vichupa. Akavipanga kwenye chungu chini ya kitanda, na kila jioni akalowesha pamba kwa maji ili viwavi wadhani mvua imenyesha. Mumewe alinung'unika kwamba analala juu ya wadudu, lakini yeye ndiye aliyemwamsha alfajiri moja ya Januari. "Mama Joshua, kuna kitu kinatembea kwenye kioo."

Walitoka majike kumi na tisa na madume sita, wote na duara jeupe kwenye vipapasio. Ruthu alichonga penseli. Aliandika Chunyu, akaandika tarehe, akaandika kiwavi wa uwele. Alipofika kwenye jina la mkusanyaji alisita kidogo, kisha akaandika.

Mwaka 1995 Batholomeo, ambaye wakati huo alishahamishiwa Dodoma, alishuka kwenye basi na bahasha kutoka Ulaya mkononi. Mdudu ameelezwa, mguu kwa mguu, bawa kwa bawa, na amepewa jina refu la Kilatini lenye Chunyu ndani yake. Ruthu alimshukuru Mungu, akamshukuru Batholomeo mpaka mtu wa Bukoba akaona haya, kisha wakaenda Chunyu wote wawili.

Angelina alikuwa anapepeta. Ruthu alimwonyesha mstari kwenye karatasi. "Mama, hapa pameandikwa jina lako. Angelina Yoramu wa Chunyu."

Ungo ulisimama hewani. Jina la Angelina lilikuwa limeandikwa mara mbili tu maishani, kwenye kitabu cha ubatizo na kwenye orodha ya waliokaidi kuchoma mabua.

"Nimekosa nini tena?" aliuliza.

"Hujakosa, mama," alisema Ruthu, na machozi yakamjia. "Wanasema mdudu huyu amepatikana kwa mkono wako. Dunia nzima ikimtafuta, itaanzia kwako."

Angelina aliweka ungo chini. Akajifuta mikono kwenye kanga, pande zote mbili, akagusa mstari ule kwa kidole. Kisha akageukia zizini, akapaza sauti.

"Yoramu! Acha ng'ombe hao, njoo hapa." Akamrudishia Ruthu karatasi. "Soma tena, mwanangu. Polepole, na huyu mzee asikie."