Machela Kutoka Kyarumba

Siku nilipopata cheti cha uuguzi, mjomba wangu wa Kabatoro alikishika kwa vidole viwili kama mtu anayeshika samaki aliyelala juani. Akakigeuza nyuma, akakuta upande huo hauna maandishi, akanirudishia.

"Hii inaliwa na nini?" akauliza.

Mjomba alikuwa mtu wa chumvi. Baba yake alikuwa mtu wa chumvi, babu yake pia, na mimi nilikulia ndani ya vidimbwi vya chumvi mpaka ngozi ya miguu yangu ikakakamaa hivi kwamba mbu aliyejaribu kuniuma aliondoka akishika shavu. Anayeyajua maji yale anajua. Ukiingia na mkwaruzo mdogo kama wa jani la nyasi, utaimba nyimbo za makanisa yote, hata yale ambayo hujawahi kuyaingia. Ndiyo sababu nilijiandikisha shule ya usiku kule Kasese, nikipakia magunia mchana na kusoma jioni chini ya taa ya mafuta yenye moshi mzito kiasi kwamba nikipiga chafya zilitoka herufi. Nilianza na abc, nikaishia chuo cha wauguzi, na sasa nilikuwa nimesimama mbele ya mjomba na cheti chenye muhuri.

"Haya, katafute kazi," akasema. "Mwezi huu ukiisha hujapata, unarudi majini. Koleo lako hili hapa, naliegemeza mlangoni likungoje."

Akaliegemeza kweli. Tangu siku ile kila nilipotoka asubuhi nilipishana na koleo, na naapa lilikuwa linanikonyeza.

Ilikuwa miaka ya sitini, bendera yetu ya uhuru bado ina mikunjo ya dukani, na kila mtu alikuwa akisema nchi inahitaji vijana waliosoma. Nchi labda ilihitaji. Kasese haikuwa na habari. Nilibisha milango mingi mpaka vifundo vya vidole vikaota sugu. Kwenye zahanati ya kambi ya askari, afande wa getini alinitazama toka viatuni mpaka utosini.

"Wewe nani?"

"Muuguzi, afande. Natafuta kazi."

"Muuguzi ni mwanamke. Wewe mwanamke?"

"Hapana, afande."

"Basi hapana kazi. Geuka! Kwenda!"

Nikageuka, nikaenda.

Mwezi ulikuwa umebaki kama kipande cha sabuni cha mwisho niliposikia kwamba kule Bwera, kwenye kituo kidogo cha afya karibu na njia ya mpakani, wanatafuta muuguzi mmoja. Nilipanda juu ya mzigo wa lori, nikakaa kati ya mikungu ya matoke na mbuzi aliyetafuna ukosi wa shati langu njia nzima kwa heshima na taadhima, nikafika.

Mkuu wa kituo alikuwa mama mmoja mnene wa kutoka kaskazini, mke wa sajini wa polisi. Kiswahili chake alikuwa amejifunzia kambini, kwa hiyo hata "karibu chai" ilitoka kama amri ya kushambulia. Mbele yake tulimwita Sista Mkuu. Nyuma yake Bwera nzima ilimwita Afande.

"Kucha!" akasema, kabla sijasalimia.

Nikanyoosha vidole. Akavikagua.

"Meno!"

Nikayaonyesha. Akayahesabu. Kisha akapanda kitandani, akajilaza chali, akafumba macho.

"Mimi mgonjwa. Siwezi kuamka. Badilisha shuka."

Wenzangu wa kazi hii wanajua kwamba kutandika kitanda mgonjwa akiwa bado ndani yake ndiyo sanaa yetu kuu. Unamlaza ubavu, unakunja shuka la zamani, unaingiza jipya, unamgeuza upande wa pili. Chuoni tulifanya mazoezi kwa msichana mmoja mwembamba kama ufito. Afande alikuwa kilima. Nilipomsukuma mara ya kwanza nilisogea mimi. Mara ya pili nikaegemeza mguu ukutani, nikavuta pumzi, nikamwita Mungu wa chumvi na wa nchi kavu, na mama akaviringika kwa kasi ambayo hakuna hata mmoja wetu aliyeitarajia. Alikuwa anaelekea sakafuni aliponikamata ukosi, kile kipande kilichobakizwa na mbuzi.

Tukabaki hivyo, pua kwa pua.

"Shuka iko safi," akasema. "Kaa wiki moja, mimi naona kazi. Kosa moja tu, unarudi kwenu."

Nilifanya kazi wiki ile kama watu wanne wenye haraka. Nilipiga deki sakafu mpaka mende wakawa wanateleza. Nilichemsha sindano, nikafunga vidonda, nikapima homa za watu waliokuja kusindikiza wenzao tu. Wagonjwa waliovuka kutoka upande wa Kongo waliniita munganga, na wa milimani, ambao hawajawahi kumwona mwanamume katika kazi hii, waliniita Sista vilevile, wakaongeza "baba" mwishoni kwa adabu. "Sista baba, mutoto anakohoa." Nikaitika. Kwa kazi, ningeitika hata shangazi.

Siku ya mwisho ya wiki, Afande akaingia chumba cha kujifungulia na mama mmoja mwenye uchungu. Kabla ya kufunga mlango akaninyooshea kidole.

"Nje yote ni yako. Leo mimi naamua."

Hata mlango haujatulia, nikasikia nyimbo. Kundi la wanaume lilikuwa linashuka barabarani na machela, ile ya kusuka kwa fito, yenye miti miwili mirefu mabegani mwao. Watu wa milima ya Kyarumba hushusha wagonjwa wao hivyo, wakipokezana kwenye njia za mteremko ambazo mbuzi mwenyewe huzifikiria mara mbili. Jasho lilikuwa linawatiririka. Juu ya machela alilala mtu mkubwa, amefunikwa blanketi mpaka puani, macho yamemtoka, kimya kabisa.

Mzee wao, mwenye kofia ya manyoya, akaniambia, "Munganga, pokea mutu."

"Anaumwa nini?"

"Tumbo. Tangu juzi."

"Hebu mwekeni hapa."

"Sawa. Lakini wewe pokea mutu."

"Mzee wangu, si ndiyo napokea? Subiri, nafanya kazi!"

Nikamfunua. Kijana, kifua kama mlango wa kanisa. Nikamuuliza jina, kimya. Nikamuuliza panauma wapi, kimya. Nikabonyeza tumbo, akakunja uso, hakutoa sauti. Nikasema moyoni, huyu ni mahututi, hata kulalamika hawezi. Nikamtia kipimajoto, hana homa. Hilo likanitisha zaidi, maana kitabu kilisema homa ikikosekana kabisa, mambo yanaweza kuwa mabaya sana au mazuri sana, na mimi siku ile sikuwa nategemea mazuri.

Basi nikaanza na mafuta ya mbarika, ile dawa ya kuendesha tumbo. Kijiko kikubwa. Akameza, machozi yakamtoka. Nikaongeza cha pili.

"Munganga," mzee akasema, "pokea mutu kwanza."

"Subiri nimesema!"

Kwenye benchi alikuwa ameketi mzee mwingine, mwembamba, mkavu, na fimbo yake, anatafuna muhogo wa kuchemsha polepole na kunitazama kwa furaha kubwa. Nilidhani ni babu wa mgonjwa.

"Ongeza," akasema. "Inafanya kazi. Nasikia inashuka."

Nikajiona daktari bingwa. Nikaenda kabatini, nikatoa ndoo ya enema, ile ya kuosha tumbo kwa kupitia nyuma, na mpira wake mrefu, nikaining'iniza kwenye msumari. Kijana wa machela alipoufuata ule mpira kwa macho toka juu mpaka chini na kuelewa mwisho wake unaelekea wapi, alitetemeka mpaka fito zikalia. Lakini neno, hapana. Wenzake wakavua kofia.

Hapo ndipo mlango wa chumba cha kujifungulia ulipofunguka. Afande akatoka, mikono bado ina maji, mtoto analia nyuma yake. Akaitazama ndoo. Akamtazama kijana. Akamtazama tena.

"Huyu mtu nimemwona jana sokoni, anabeba jiwe la kusagia kichwani," akasema. "Mgonjwa ni nani hapa?"

Yule mzee wa muhogo akainua mkono.

"Mimi, mama. Lakini munganga wako ni mukubwa! Ametibu yule, mimi napona."

Kituo kizima kilinigeukia. Hata mtoto mchanga aliacha kulia, labda kuangalia.

Mzee wa kofia ndiye aliyetueleza. Mgonjwa alipandishwa machela kule juu akiwa hoi. Katikati ya njia akatapika, akapata nafuu, akasema atatembea. Sasa machela iliyotoka nyumbani na mtu haiwezi kushuka tupu. Watu wa matuta yote wanaiangalia kutoka migombani, na wakiiona tupu watadhani mwenyewe amefariki, vilio vitaanza, na mpaka jioni majirani watakuwa wameshaleta kuni za matanga ya mtu anayetembea na fimbo yake. Kwa hiyo kijana mmoja hupanda badala yake. Na aliye juu ya machela, awe mgonjwa au mzima, hasemi wala hashuki mpaka wa hospitali atamke "Nimepokea."

"Nilimwambia mara nyingi," mzee wa kofia akasema. "Yeye ananiambia subiri."

Nilimgeukia kijana. "Nimepokea," nikasema kwa sauti ndogo.

Ee! Aliruka kutoka kwenye ile machela kama panzi aliyekanyagwa mkia, kama panzi wana mkia. Hakuaga. Mafuta ya mbarika yalikuwa yamefika wakati wake, na mlango wa choo cha kituo ulilalamika mpaka Kabatoro, ninavyodhani mimi. Tulimsikia kutoka huko, sasa akiwa na ruhusa, akizungumza yote aliyokuwa ameyahifadhi, na hakuna neno ninaloweza kuliandika hapa.

Afande akanigeukia. Nililiona koleo la mjomba likija barabarani kwa miguu yake lenyewe.

"Kosa moja," akasema.

"Ndiyo, Sista."

"Mtibu mgonjwa. Halafu kusanya nguo zako."

Nikamwendea mzee wa muhogo, nikamshika kipaji cha uso. Kilikuwa cha moto kama sufuria. Nafuu ilikuwa ya tumbo tu, homa ilikuwa imekaa palepale inacheka. Nikaleta vidonge vya kwinini na maji.

"Mpe yule," mzee akasema, akielekeza kidole chooni.

"Baba, ni yako hii."

"Mimi nimepona. Ile ya kwanza nilisikia vizuri sana. Mpe yule, mimi nangoja hapa."

"Yule hawezi tena, baba."

"Basi mpe huyu." Akamwonyesha mbebaji mwingine, ambaye alikuwa nje ya geti kabla kidole hakijanyooka.

Afande akajaribu. "Mzee! Meza! Sasa hivi!" Mzee akafumba mdomo kama mkoba wa bibi. Sajini mwenyewe na kikosi chake wasingeufungua. Nikamtazama mzee, nikaitazama ile machela tupu pale sakafuni, na kichwa changu cha shule ya usiku, ambacho huchelewa kuwaka lakini huwaka, kikawaka.

"Baba, umechoka," nikasema kwa upole. "Njia ni ndefu. Jinyooshe kidogo juu ya machela yako, ulale."

"Hapo umesema," akajibu. Akajilaza, akajifunika blanketi.

"Mzee," nikamwambia yule wa kofia, "sasa niombe."

Akaelewa. Uso wake ulipasuka kicheko, lakini akajikaza. "Munganga, pokea mutu."

"Bado," nikasema. "Bado kabisa sijapokea."

Mzee wa machela alifungua macho. Akaniangalia. Akamwangalia mzee mwenzake, ambaye alikuwa anatazama dari. Alijua amenaswa. Alivuta pumzi kutaka kusema kitu, akakumbuka mahali alipo, akaifungia ndani. Nilimpa ishara. Akafungua mdomo, taratibu, kwa chuki ya miaka mingi. Vidonge vikaingia, maji yakafuata. Uso wake ulijikunja kama jani la ndizi motoni, lakini neno, hapana.

"Nimepokea," nikasema.

"Mbwa wewe!" akasema mara moja. "Mutoto mubaya! Shetani wa mutu!" Kisha akapumua, akachukua muhogo wake uliobaki. "Kesho nakuja tena?"

"Kesho unalala hapa, baba. Dawa bado nyingi."

"Basi machela ibaki karibu," akasema. "Bila hiyo mimi simezi."

Nilikwenda kukusanya nguo zangu. Zilikuwa chache, nilizikunja polepole ili zionekane nyingi. Nilipotoka nimebeba furushi langu kwapani, Afande alikuwa amesimama mlangoni, mabega yanamtingishika. Nilidhani ni hasira. Kumbe mama alikuwa anacheka bila sauti, kama watu wa kambini wanavyocheka mkubwa akiwa karibu, ingawa mkubwa wa pale alikuwa yeye.

"Unaenda wapi?"

"Kwetu, Sista. Ulisema nikusanye."

"Nilisema kusanya. Nilisema uende? Weka chini! Mgonjwa wako ana dawa ya jioni, nani atakataa kumpokea? Mimi?"

Nikaweka chini, haraka kabla hajabadili amri.

Kabatoro nilirudi mwezi ulipoisha, kusalimia tu. Mjomba alikisikiliza kisa chote, akalichukua lile koleo mlangoni na kulirudisha kwa wenzake bila kusema kitu. Kwake hiyo ilikuwa hotuba.

Pale Bwera nilifanya kazi miaka mingi, nikaingia ya sabini nikiwa palepale, na tangu siku ile kila machela iliyotokea kwenye kona ilikutana na mimi barabarani, nakimbia, nimeshika kofia, napiga kelele "Nimepokea! Nimepokea!" hata kabla sijaona nani amelala. Yule kijana wa kifua cha mlango wa kanisa nilikutana naye sokoni mara nyingi. Alikuwa akiniona tu anavuka barabara, na mkono wake mmoja anaushikilia tumboni, taratibu, kama mtu anayebeba yai.