Kabati na Orodha ya Wenye Mbio

Kabati ni dobi wa hospitali. Jina hilo alipewa na wachezaji wenzake wa raga, kwa sababu akishasimama mahali, kumhamisha kunahitaji watu wanne na kikao. Ana miaka thelathini na sita, watoto wawili, mume fundi saa, na mabega aliyopewa na shuka: kila asubuhi huzitoa kwenye mashine zikiwa zimelowa na kujisokota kama chatu, akazibeba hadi kwenye kikaushio, akarudi kuchukua nyingine. Kuna watu huenda gym kutafuta mabega hayo. Yeye huyapata kazini, pamoja na madoa ya dawa.

Alianza raga klabu yao ilipokuwa na wanawake tisa na mpira mmoja uliopungua upepo. Timu kamili ni watu kumi na tano, kwa hiyo walicheza ile ya watu saba, wawili waliobaki wakikaa benchi na kujiita kikosi cha akiba. Leo klabu ina timu tatu na ligi ina klabu nane. Wanaume, ambao zamani waliwaachia uwanja saa saba mchana jua likiwa utosini, sasa huja kwa adabu kuuliza kama Jumamosi kuna nafasi.

Ndipo chama cha raga kikatangaza kuunda, kwa mara ya kwanza, timu ya taifa ya wanawake kumi na tano. Kabati aliitaka jezi ile kuliko kitu chochote. Na aliyajua magoti yake: yalikuwa yamebakiza msimu mmoja.

"Ukichaguliwa, mwanangu atapikiwa na nani?" mama mkwe aliuliza.

"Mama, mwanao anafungua saa ndogo kama kifungo cha shati. Sufuria litamshinda?"

Mama mkwe alicheka kabla hajakumbuka kwamba amekasirika.

Mchujo ulisimamiwa na Katibu wa chama, bwana mwenye kitambi cha heshima, ambaye ujanani alikimbia mita mia na tangu hapo hajakubali kwamba duniani kuna mchezo mwingine. Aliwapanga wanawake sitini, akapuliza filimbi, akawakimbiza mita mia. Ishirini na watatu wa kwanza, wanane wa akiba wakiwemo, kwisha, hao ndio timu ya taifa. Kabati alimaliza wa hamsini na nane. Mmoja wa waliokuwa nyuma yake alikuwa ameteguka mguu. Mwingine alisimama kufunga kamba.

"Dada, unakimbia kama mtu anayetafuta funguo," Katibu alimwambia, akifunika kalamu yake.

Kabati alikaa kwenye nyasi akaanza kuvua viatu.

Kocha mpya, mama mfupi mwenye pua iliyowahi kuvunjika, aliisoma orodha mara mbili. "Katika hawa, nani anacheza mbele kwenye skramu?"

Wote ishirini na watatu walikuwa wakimbiaji wa pembeni. Skramu ni pale wachezaji wanane wanapofungamana mabega na kusukumana na wanane wenzao, na kati ya wateule hapakuwa na hata mmoja aliyewahi kuweka shingo yake humo.

"Watajifunza," Katibu akasema. "Kusukuma nako kuna elimu gani?"

"Basi tuone." Kocha akawageukia walioachwa. "Nipeni wanane. Wewe unayevua viatu, vaa."

Katibu alisimama nyuma ya wateule wake awape moyo. Kabati akainama, akafunga bega, akasukuma kama anavyosukuma toroli la shuka kupanda mwinuko wa wodini. Wateule wakaanza kurudi nyuma, kwanza taratibu, halafu kwa kasi ambayo hata kwenye mita mia hawakuifikia. Katibu alirudi nao hadi kwenye uzio.

"Upande huu unateleza!" alilalamika, akijipangusa.

Wakabadilishana pande. Safari hii aliusalimu uzio wa upande wa pili.

"Dada Kabati," akasema mshindi wa mita mia, akitema nyasi, "naomba tu niwe timu yako."

Kocha alichukua kalamu mfukoni mwa Katibu, akaandika upya. Jina la kwanza lilikuwa la dobi.

Miezi miwili baadaye, kwenye mechi ya timu ya taifa, uwanja wa nyumbani umejaa, zikiwa zimebaki dakika tatu na wako nyuma kwa pointi nne, walipata skramu mbele ya mstari wa wageni; kuuweka mpira chini ng'ambo yake ni pointi tano. Jukwaani mama mkwe alikuwa amesimama juu ya kiti. "Sukuma, mkwe wangu! Sukuma, nyumbani watakula hata mkate!"

Skramu ikaenda, ikaenda, ikaanguka ng'ambo ya mstari. Refa akachutama kwenye rundo la miguu na migongo.

"Mpira uko wapi?"

"Ninao mimi," ikasema sauti kutoka chini kabisa. "Puliza filimbi, bwana, nimelaliwa na watu kumi na wawili."

Akapuliza.