Katekista Alipomfuata Padri

Harufu ya tope la majaruba likigeuzwa na plau hunijia hata nikiwa dukani kwangu Ipogolo, hasa mvua za kwanza zinapoanza. Ni harufu ya mizizi iliyooza, samadi mbichi na pumzi ya ng'ombe aliyechoka. Nilikulia ndani yake, katika kijiji kimoja cha bonde la Usangu, mwendo wa saa tatu kwa miguu kutoka Igawa. Wazazi wangu walihamia huko kutoka Shinyanga wakiswaga ng'ombe wao, wakatukuta Wasangu, Wabena na Wanyakyusa wakilima mpunga, nasi tukajifunza kuulima. Nasema "wakatukuta" kana kwamba mimi ni mwenyeji. Nilizaliwa hapo, basi naona nina haki.

Msimu ninaousimulia nilikuwa na miaka kumi na minne, na kazi yangu baada ya shule ilikuwa kuongoza maksai wa jirani yetu, Mama Tulizo. Alikuwa mjane wa Kibena, Mkatoliki asiyekosa misa, na tegemeo lake lote lilikuwa jozi ile ya maksai. Mmoja alikuwa mweusi mwenye ukanda mweupe shingoni kama kola, akaitwa Padri. Mwenzake alikuwa mwekundu, na kwa kuwa hakumwacha Padri hata kwenda kunywa maji, akaitwa Katekista. Padri alifungwa nira upande wa kushoto, Katekista kulia, na ole wako uwabadilishe. Maksai waliofunzwa pamoja ndivyo walivyo: ukimwondoa mmoja, aliyebaki hali wala halali, na kamba ikimwachia ataondoka kumtafuta mwenzake. Mimi nilitembea mbele yao jaruba hadi jaruba, magoti kwenye tope, na Padri alinizoea hata akanifuata bila kamba. Jioni Mama Tulizo alinipa ugali na maharage, nami nilikula kama mtoto wa nyumba ile.

Msimu huo huo kaka yangu Masanja alirudi kutoka Mbeya mjini. Alikuwa amepelekwa huko, Iyunga, kwa mjomba akiwa mdogo, na ng'ombe alimjulia kwenye sahani. Alikuja na viatu vyeupe ambavyo kwa maajabu havikuchafuka, na kicheko kilichomfanya hata baba asahau kuuliza anafanya kazi gani. Mimi nilimpenda mno. Nilimfuata kila alikokwenda, na aliponiambia kwamba atanichukua nikasome Iyunga, kwenye shule yenye umeme, usingizi ulinipaa. Wahenga walisema asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Mimi nilisikia la mkuu wangu, na guu likavunjika vilevile.

Mpango wake wa kumwiba Padri na kumuuza aliniambia Jumamosi, tukiwa tunaoga mferejini. Kesho yake ilikuwa siku ya mnada Igawa. Mama Tulizo angekuwa kanisani, na Padri asingemfuata mtu mwingine ila mimi. Tayari Masanja alikuwa amechomoa kibali cha kuuzia ng'ombe kwenye sanduku la baba. Nilimwambia kwamba mama yule hana mwingine wa kumlimia, na msimu ndio kwanza umeanza. Akasema tukishapata maisha tutamnunulia hata trekta. Kisha akanitazama. "Kuna kingine cha kujua kuhusu huyu ng'ombe, dogo?"

"Hakuna, kaka," nikasema.

Asubuhi kengele ya kanisa ilipolia tuliingia zizini. Masanja alichanganya masizi na oili chafu, akampaka Padri shingoni ili kuficha ule ukanda mweupe pamoja na kipara kilichoachwa na nira, maana wanunuzi wa nyama hawampendi ng'ombe aliyekwisha kazini. Padri alivuliwa kola yake akiwa anacheua, wala hakuuliza. Nikaita jina lake, akanifuata. Nyuma yetu Katekista alianza kulia, na sauti ile tuliisikia hadi tulipovuka mfereji mkubwa. Masanja aliniambia nisigeuke. Sikugeuka, lakini nilikuwa nasikiliza, na nakiri kwamba nilikuwa naomba.

Mnadani Masanja aliongea vizuri. Alimwambia mnunuzi mmoja mwenye gambuti kwamba huyu ni ng'ombe wa baba yetu, hajawahi kuonja nira. Walikuwa karibu kuelewana niliposikia watu wakicheka upande wa barabara. Katekista alikuwa anakuja katikati ya umati, kipande cha kamba kikimning'inia, pua chini, na nyuma yake Mama Tulizo na gauni la kanisani lililolowa tope hadi magotini, kitabu cha nyimbo mkononi. Alikuwa amemfuata ng'ombe wake saa tatu nzima bila kumgusa. Katekista alitupita sisi wote, akasimama kulia kwa Padri, akainamisha shingo. Padri naye akainamisha yake. Wakakaa hivyo, wakisubiri nira.

Mama Tulizo alilowesha kitambaa chake cha kichwa kwenye ndoo ya muuza chai, akamfuta Padri shingo mpaka ukanda mweupe ukatokea. Ndipo akaniona mimi nimeshika kamba. "Na wewe, mwanangu?" aliniuliza. Hakupaza sauti. Mpaka leo natamani laiti angenipiga. Watu walikwishaanza kuokota fimbo, na katika nchi ya wafugaji mwizi wa ng'ombe hafiki mbali. Masanja akanipokonya kamba. "Dogo hajui kitu," akasema. "Nilimwambia nimemnunua." Wasimamizi wa mnada wakamwahi, wakamfungia ofisini mpaka polisi walipofika.

Alifungwa miaka mitatu. Mimi sikuulizwa tena, na sikujitolea kuulizwa. Msimu ule wote niliwaongoza Padri na Katekista bila Mama Tulizo kuniita, na siku ya kumi akaniwekea ugali tena. Nilikula nikilia, naye akajifanya haoni.

Leo nauza vipuri vya pawatila, vile vitrekta vya magurudumu mawili. Maksai wamepungua Usangu, na mashine hulima kwa siku moja eneo tulilolikokota wiki nzima. Sina ugomvi nazo, zinanilisha. Lakini pawatila ikiibwa, hakuna nyingine itakayokata kamba kuifuata. Masanja naye anaendesha pawatila ya kukodisha. Mwezi uliopita alikuja dukani kuchukua mkanda, tukanywa chai, na kwa mara ya kwanza akauliza kama nilijua kwamba Katekista angetufuata.

Nilimwambia nilijua, na kwamba nilikaa kimya makusudi, kisha nikamwacha afungwe kwa ajili yetu wote wawili. Maneno hayo nilikuwa nimeyabeba tangu utotoni. Yeye alikoroga chai yake.

"Ungeniambia tu, dogo."

"Ningekwambia ungeacha?"

Alifikiri kwa uaminifu, nampa heshima hiyo. "Hapana," akasema. "Tungewachukua wote wawili."

Akamaliza chai, akafunga mkanda kwenye gazeti, akawahi basi la Igawa. Kesho yake alikuwa na shamba la Mama Tulizo la kulima.