Nyota na Matofali Mabichi

Wahenga walisema njia ya mwongo ni fupi. Ni kwa sababu hawakumjua Kiilu wa Matinyani. Yake ilianza Juni ya mwaka wa sitini na nane, na mwaka wa tisini bado alikuwa akiitembea, amechoka hoi, na pa kuchepukia hapaoni.

Na uongo wenyewe ulikuwa mdogo jamani. Aliutunga wa kutumia asubuhi moja tu.

Kiilu alikuwa fundi wa matofali, tena fundi kwelikweli. Waumini walipochoka na kanisa la udongo linalovuja, walimpa yeye kazi ya kuchoma matofali elfu nane. Akafyatua, akaanika, akapanga tanuru la kupendeza macho, akaliwasha saa kumi jioni. Sasa, tanuru likishawashwa haliachwi. Linalishwa kuni pande zote mpaka kukuche, la sivyo upande mmoja utaiva na mwingine utabaki mbichi. Hilo hata mbuzi wa Matinyani wanalijua.

Lakini jioni hiyo hiyo, ng'ambo ya mto, kwa Ndolo, walikuwa wakipokea mahari, na penye mahari kwa Wakamba pana kaluvu, ile pombe yetu ya asali. Nyimbo zikavuka mto. Kiilu akajiambia ataonja kibuyu kimoja na kurudi. Alirudi kweli, sikatai, ila alirudi majogoo wakiwika, na upande wa kusini wa tanuru ulikuwa umepoa zamani.

Pombe kanisani ilikuwa dhambi. Nyumbani ilikuwa kubwa zaidi ya dhambi. Mbula, mkewe, aliolewa kwa sharti moja tu: siku akijua Kiilu amekunywa, anafunga mtoto mgongoni anarudi kwao. Mbula hakuwa mtu wa kutishia bure. Na kwao ni kwa Mzee Musyoka, mzee wa kanisa aliyesimamia ujenzi huo huo. Kiilu alimpenda Mbula, hilo msitilie shaka. Alimpenda mpaka akili zikamruka.

Ndiyo maana wazee walipofika asubuhi na kumkuta amesimama katikati ya moshi, wakamuuliza imekuwaje, mdomo wake ukafunguka wenyewe.

"Wazee wangu," akasema, "niliinua macho nikaona zile nyota za msalaba, kule kusini. Ile ya mkono wa kushoto ilikuwa inapiga. Inapiga kama moyo! Miguu ikagoma. Nilipozinduka, kumekucha."

Nyota hiyo ilikuwa imeshatua kabla ya jogoo la kwanza, lakini hakuna mzee aliyekumbuka kuuliza. Walichouliza ni kingine: tangu lini Mkristo akasoma nyota? Hiyo si kazi ya waganga? Wakamwambia, Kiilu, sema umedanganya, tukuombee, yaishe. Ala! Hebu fikiria. Mtu anaombwa kusema kweli na atasamehewa hapo hapo, na hawezi, kwa sababu akisema amedanganya watamuuliza basi usiku huo alikuwa wapi. Akakataa. Akakataa kwa uso mkavu hata wengine wakamwonea fahari.

Wakamtenga na meza ya Bwana na kumpa benchi la nyuma. Pesa za kuchoma matofali mengine hazikuwepo, kwa hiyo yale mabichi yalijenga ukuta wa nyuma. Basi kila Jumapili Kiilu aliketi ameegemea kazi yake mwenyewe, na mvua za Novemba zikija, ukuta ulimmwagikia tope jekundu kwenye kola.

Mtu mmoja alikuwa ameinusa ile kaluvu ndani ya moshi. Mzee Musyoka. Lakini kwetu mkwe ni mkwe. Humvui nguo mbele ya watu. Katika kikao cha wazee alinyamaza. Akaenda kumwambia bintiye peke yake, jikoni kwake, mara moja tu: "Mwanangu, hakuna nyota. Yule alikuwa amelewa."

Mbula aliweka chini mwiko. "Baba," alisema, "usikanyage hapa tena mpaka umwombe mume wangu msamaha."

Mzee hakuomba, na hakukanyaga. Alikufa mwaka wa sabini na tisa. Kwenye mazishi Mbula alisimama nyuma kabisa, kama mtu aliyekuja na majirani.

Siku ile Kiilu angeweza kusema. Alifungua mdomo makaburini, akaona macho ya mkewe, akaufunga. Baadaye alijiambia mzee ameshakufa, atafaidika nini? Hivyo ndivyo mtu anavyojidanganya akishazoea kudanganya wengine.

Na kila Juni, kabla ya chakula cha jioni, Mbula alitoa vigoda viwili uani. Waliketi wakitazama kusini, binti yao Nzilani katikati, na Mbula akisema, "Naiona, Baba Nzilani. Inapiga."

"Si nilikuambia?" Kiilu akijibu. Kisha chakula kilimshinda.

Mke mwenye imani namna hiyo ni adhabu, nawaambia. Angekuwa na mke mbishi angeungama mapema akapumzika.

Nzilani alikulia katikati ya vigoda hivyo. Wasichana wenzake walipoulizwa shuleni wanataka kuwa nani, walisema nesi. Yeye alisema anataka kujua kwa nini nyota inapiga. Watu wakacheka. Akafika chuo kikuu, akasoma fizikia, akawa mwalimu.

Mwaka wa tisini daktari wa Kitui alimwekea Kiilu ile mipira yake kifuani, akasikiliza, akakunja uso. Moyo ulikuwa unapiga vibaya, mara mbiombio, mara umesimama kama unawaza. Kiilu akaogopa. Si kifo hasa alichokiogopa, ila kukutana na Mzee Musyoka huko mbele na kusalimiwa kwa heshima. Akaamua: Jumapili ijayo anasimama mbele ya kanisa zima na kusema kila kitu. Mbula akibeba vitu vyake, abebe. Siku tatu hakulala. Mbula, kwa kumwona hivyo, alidhani ni uchungu wa benchi la nyuma, akamwandikia Nzilani barua: njoo, na ulete kile kitabu cha nyota ulichoniambia.

Jumapili ikafika. Kiilu alikuwa ameshaanza kuinuka kutoka benchi lake pale Mchungaji Jonah aliposema, "Kabla ya yote, binti yetu Nzilani ana neno."

Nzilani akasimama na kitabu. Akasema nyota ile, ya mkono wa kushoto wa msalaba, ina uzito wa zaidi ya majua kumi, na joto la uso wake ni zaidi ya mara nne ya la jua letu. Akasema wataalamu wameipima wakaona inavimba na kunywea, inavimba na kunywea, kila baada ya saa nne na kitu, bila kukoma.

"Inapiga," alisema. "Baba alisema kweli."

Salale! Kanisa lililipuka. Kina mama walipiga vigelegele, wazee waliokuwa hai bado walishika vichwa. Nzilani, kwa kuwa ni mwalimu na ni mtu wa haki, aliinua mkono akaongeza kwamba mabadiliko yale ni madogo mno, jicho la mtu haliwezi kuyaona, ni vyombo tu.

"Mmesikia?" Mchungaji Jonah akapaza sauti. "Jicho la mtu haliwezi! Basi Mzee Kiilu alionyeshwa na nani?"

Kiilu akaja mbele. "Ndugu zangu," alisema, "sikuiona nyota yoyote. Nilikuwa kwa Ndolo. Nilikunywa kaluvu mpaka nikalala chini ya ghala lake. Niliwadanganya wote, na Mzee Musyoka alijua."

Kisha mama mmoja akasema kwa sauti ya machozi, "Tazameni unyenyekevu!" Haleluya zikaanza upya. Alijitetea, akaapa, akataja hadi wimbo uliokuwa ukiimbwa kwa Ndolo. Kadiri alivyoapa ndivyo walivyomkumbatia. Huyu ni mtu asiyetaka sifa! Anajichafua ili asitukuzwe! Wakamburura hadi benchi la mbele, na kabla ya sadaka alikuwa ameshachaguliwa mwenyekiti wa kamati ya ujenzi, kusimamia matofali ya kanisa jipya.

Katika kanisa lote mtu mmoja tu alimwamini.

Mbula aliinuka upande wa wanawake. Hakulia, hakupiga kelele. Alipita katikati ya watu wanaoimba, akaenda nyuma, akaketi kwenye benchi alilotoka mumewe, mgongo ukutani. Mchungaji alipomfuata na kumuuliza, "Mama Nzilani, kuna nini tena siku ya furaha?", alijibu, "Niacheni hapa. Nilimfukuza baba yangu jikoni kwangu." Mchungaji hakuelewa, akamwombea hata hivyo.

Hakurudi kwao. Kwao kulikuwa na kaburi na kaka waliomzoea kama mgeni. Alipika, alifua, alimpa Kiilu dawa za moyo kwa saa zake. Kila Jumapili walitoka nyumbani pamoja, yeye akakaa nyuma na mumewe mbele, na Kiilu hakuthubutu kugeuka. Alimwomba msamaha mara saba. Mara zote Mbula alimwambia, "Kula, chakula kinapoa."

Juni ikaja. Kiilu aliwaza sana, kisha jioni moja akatoa vigoda viwili uani, yeye mwenyewe, akaketi kwenye kimoja. Msalaba ulikuwa umesimama wima juu ya vilima vya kusini. Akasubiri. Harufu ya isyo, mahindi na maharagwe, ilitoka jikoni, kisha Mbula naye akatoka, mwiko mkononi.

Hakuketi. Alisimama nyuma ya kile kigoda, akatazama kusini kwa muda mrefu, kwa makini, kama anayechagua mbegu.

"Haipigi," alisema Mbula. "Haijawahi kupiga hata siku moja."

Akaokota kigoda chake, akaingia nacho ndani kupakua.