Kahawa Iliyopikwa kwa Sikio

Kiwandani walimwita Sikio, na jina hilo lilimkaa kuliko lile alilopewa na wazazi wake. Alikuwa fundi wa cherehani katika kiwanda cha kushona sare, mwaka wa ishirini na saba huo, na sifa yake ilikuwa kwamba hakuwa na haraka ya kufungua mashine. Alisimama mlangoni, akainamisha kichwa kama mtu anayetega umbea, kisha akasema, "Ya tatu kutoka dirishani. Sindano imepinda." Wakitazama, sindano kweli imepinda. Watu walimheshimu kwa hilo, na yeye, tuseme ukweli, alijiheshimu kuwazidi.

Nyumbani sikio hilo lilikuwa na kazi moja tu, kumpikia mkewe kahawa ya asubuhi. Fundi mmoja aliyestaafu alikuwa amemwachia birika dogo la alumini, la vyumba viwili. Chumba cha chini unatia maji, yasifike kwenye kile kitundu cha kupumulia. Katikati unaweka kichujio chenye unga wa kahawa, usawazishe na kidole wala usiushindilie. Juu unakaza sehemu yenye mdomo na mkono, halafu jikoni, moto mdogo. Maji yakipata moto yanasukumwa na mvuke, yanapenya kwenye unga na kutokea chumba cha juu yakiwa kahawa nyeusi, nzito, ya kikombe kidogo, kama ile ya mikahawani inayotoka kwenye mashine kubwa zenye kelele. Mpaka hapo mtu yeyote anaweza. Kazi iko mwishoni. Ukichelewa kuzima, mvuke mtupu unaanza kupita kwenye unga uliokwisha utamu, na kahawa inageuka shubiri yenye harufu ya mpira ulioungua.

Wenye mabirika ya aina hiyo huacha kifuniko wazi wakachungulia. Sikio hakutaka kusikia habari hizo. Kuchungulia ni kwa wasiojua kazi, alisema, na fundi anayelazimika kufungua ili ajue kilichomo ndani si fundi. Alifunga kifuniko, akaweka mikono nyuma, akasikiliza. Kwanza kimya, halafu mnong'ono mwembamba, halafu mnong'ono unapata mikwaruzo. Hapo hapo alizima, kabla birika halijaanza kukoroma. Kwa miaka kumi na tatu mkewe hakuwahi kuletewa kikombe kibovu.

Sikio mwenyewe hakuwa akiinywa. Vidonda vya tumbo vilimpiga marufuku kahawa zamani, akabaki na maziwa yake ya moto. Kwa hiyo nyumba hiyo ilikuwa na mpishi asiyeonja na mnywaji asiyepika, na utaratibu huo uliwafaa sana mpaka masikio ya mpishi yalipoanza kupoteza nguvu.

Mkewe alikuwa mkutubi. Alikuwa amefanya kazi maktabani miaka thelathini, akiwanyamazisha wengine na kujinyamazisha mwenyewe, mpaka sauti yake ya kawaida ikawa ile ya watu wengine wakisemezana msibani. Yeye ndiye wa kwanza kugundua, na aligundua kwa ulimi. Asubuhi moja kahawa ilikuja chungu. Akadhani unga umekaa sana, akanunua mwingine. Ikaja chungu vilevile. Siku ya tatu aliinuka mezani akaenda kusimama kwenye mlango wa jiko.

Birika lilikuwa linakoroma kama mzee aliyelala chali. Mvuke ulitoka mdomoni mwake kwa fujo na matone meusi yalikuwa yanaruka juu ya jiko. Mbele yake amesimama mumewe, mikono nyuma, kichwa kimeinama, uso umetulia kabisa, anaisubiri sauti iliyokwisha kupita. Mkutubi alihisi moyo ukimwuma. Alirudi mezani kwa kunyata, jambo ambalo halikuwa na haja, na kikombe kilipoletwa alikinywa mpaka tone la mwisho.

"Vipi?" aliuliza Sikio, kama alivyouliza kila siku.

Mkewe akainua kidole gumba.

Usimlaumu haraka. Kiwandani kulikuwa na mkataji vitambaa aliyeharibikiwa macho. Hawakumfukuza, walimpeleka stoo kupanga vifungo, na ndani ya mwaka mmoja mtu aliyekuwa akitembea amebetua kifua alikuwa amenywea, anapita ukutani ukutani. Mkutubi alimjua. Alijua pia kwamba mumewe hakuwa na jina jingine la kujivunia. Ukimwondolea Sikio sikio, unamwachia nini? Akakata shauri kujikaza kisabuni. Kahawa chungu haijaua mtu, alijiambia, na asubuhi iliyofuata akaongeza sukari.

Ikapita miezi minane. Akawa hodari wa mambo ya ajabu. Alikaa upande wa kulia wa mumewe, ambao ulikuwa na nafuu. Mtu akibisha hodi aliwahi mlango. Simu ikiita alisema, "Si simu yako hiyo unayoipuuza?" ili ionekane ni kupuuza. Mumewe naye alikuwa na yake. Mshonaji mmoja aliyekuja kuazima riwaya maktabani alisema huku akicheka, "Mzee Sikio siku hizi anazishikashika mashine kama anayezipima homa." Mkutubi alicheka naye, akamgongea muhuri wa tarehe ya jana. Watu wawili waliolala kitanda kimoja walikuwa wanafichana kitu kilekile, na kila mmoja akidhani mwenzake hana habari.

Kisha akaja wifi.

Wifi huyu, dada mkubwa wa Sikio, alikuwa muuguzi mstaafu, na mdomo wake haukuwa na breki. Alikuja kukaa wiki moja. Asubuhi ya kwanza mkutubi alijaribu kumwokoa.

"Wifi, nikuchemshie chai?"

"Chai ninayo kwangu. Nipe hiyo kahawa ninayosimuliwa miaka yote."

Sikio alifurahi kama mtoto aliyeombwa kuimba. Alipika, akafunga kifuniko, akasikiliza, akaleta vikombe viwili na sahani chini yake, heshima ya mgeni, kisha akageuka kufuta jiko. Wifi alipiga funda moja. Akalishikilia mdomoni, akaangalia kushoto na kulia kama anayetafuta pa kutemea, akameza.

"Kaka," alisema, tena kwa sauti ya wodini, "hii umeipika au umeichoma moto?"

Sikio aligeuka maneno yakiwa nusu. Alikuwa ameona mdomo wa dada yake ukicheza, basi. Akatabasamu kwa unyenyekevu, akapangusa mikono kwa kitambaa.

"Ahsante, dada. Ni mazoea tu."

Wifi alimtazama mkutubi, na mkutubi alikitazama kitambaa cha meza kana kwamba kina maandishi. Sikio alikunywa maziwa yake, akavaa viatu, akawaaga wote kwa bashasha, akaenda kazini.

"Tangu lini?" aliuliza wifi mlango ulipofungwa.

"Mwaka jana."

"Na hii takataka unainywa?"

"Naimaliza."

Wifi alisukuma kikombe chake mbele. "Sikiliza, mke wa kaka yangu. Mimi wodini nimekaa umri wangu wote. Masikio yana mengi. Pengine ni nta tu, inasafishwa, anarudi nyumbani. Pengine ni kifaa kidogo anavaa. Ila mtu lazima aende, na aende mapema. Wewe unamficha nini?"

"Namhurumia."

"Unamhurumia yeye, au unajihurumia wewe usiwe wa kumwambia?"

Mkutubi alikasirika. Alitoa vyombo mezani kwa kishindo, akavaa viatu, akaondoka bila kuaga. Alikasirika kwa sababu ilikuwa kweli, na njia nzima alitafuta jibu la kumpa wifi asilione.

Asubuhi iliyofuata Sikio alileta kikombe kama kawaida. Mkewe hakukigusa. Alileta kikombe kingine, akamimina nusu ndani yake, akakisogeza mbele ya mumewe.

"Kunywa."

"Bibie, unalijua tumbo langu."

Akamwonyesha kidole kimoja. Funda moja tu.

Sikio alimtazama usoni, akaona si mzaha. Akanywa. Mkewe aliuangalia uso huo anaoujua kuliko vitabu vyote ukikunjamana kuanzia puani. Sikio alinusa kikombe. Akainuka, akalifungua birika na kunusa ndani yake pia, akarudi kukaa.

"Hii ndiyo ya leo?"

"Ni ya kila siku," alisema mkewe, na alisema kwa sauti kubwa, ambayo nyumba hiyo haikuwa imeisikia kutoka kwake tangu watoto walipokuwa wadogo. Chumba cha pili wifi aliacha kutandika kitanda. "Kila siku. Miezi minane. Birika linakoroma, wewe umesimama hapo, na husikii."

Kuta zilikuwa zimesikia, jirani pengine amesikia. Sikio naye alikuwa amesikia. Alikizungusha kikombe mezani, robo mzunguko, robo nyingine, kama anavyofanya na gurudumu la cherehani iliyokwama.

"Nilikuwa nakuhurumia," mkewe aliongeza. "Nilisema nikikwambia utanywea. Basi nikanywa."

Alitegemea hasira. Angeipokea kwa mikono miwili. Mumewe alisema polepole, akiangalia kikombe.

"Kiwandani nilishajua. Mashine zilianza kuwa mbali, moja moja. Nikasema ni uchovu, nikasema ni feni mpya walizofunga. Mwezi wa tatu niliomba ruhusa ya nusu siku, sikukwambia, nikaenda hospitali. Nilifika mpaka kwenye benchi. Nimeshika namba mkononi." Akakizungusha kikombe tena. "Nikafikiri, lakini kahawa? Kahawa siitazami, naipika kwa sikio. Na mke wangu anaimaliza kila asubuhi. Ingekuwa nimeharibika kweli, yeye angesema. Nikairudisha namba dirishani, nikarudi kazini."

Mkutubi alihesabu bila kutaka. Mwezi wa tatu. Alikumbuka vikombe vya mwezi huo, jinsi alivyovimeza kwa mkupuo kama dawa, na kidole gumba alichokiinua kila mara, akijiona mke mwema. Machozi yalimtoka, akayaacha yatoke. Alitaka kusema samahani, lakini neno lilionekana dogo mno kwa kazi hiyo.

Sikio hakumkemea. Alitoa leso mfukoni, ile ya kiwandani yenye doa la grisi, akampa. Kisha akaondoa vile vikombe viwili, akavimwaga kwenye sinki, akavisuuza na kuviinamisha. Wifi alitokeza kichwa mlangoni, akaona hali, akarudi chumbani bila neno, na kwa mtu yule hilo lilikuwa jambo la kuandikwa.

"Leo siendi kazini," alisema Sikio.

Mkewe alifuta uso, akapiga simu maktabani kuwaambia wafungue bila yeye. Hakuwa amewahi kufanya hivyo, na aliyepokea alidhani kuna msiba. Alipomaliza, mumewe alikuwa ameshavaa shati la kutokea, anahangaika na kifungo cha mkono. Akamsaidia. Alisimama upande wake wa kulia, kwa mazoea.

"Tukifika," alisema Sikio, "wao wataongea haraka haraka, unawajua. Wewe unisikilizie. Halafu uniambie kila walichosema. Hata kibaya. Hasa kibaya."

"Nitakwambia chote," alijibu mkewe.

Alikuwa amejibu kwa sauti yake ya siku zote, kwa hiyo ilimbidi aseme tena.